Sosiete ya shemeki iko na faida lakini ku banki hakuna kintu, niingize feza yangu?

BARUA

Yaya, jambo, na jambo kwa bale bote banasomaka hii safu.

Mi ni mama wa miaka 38, niko na depo ya unga ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Unga mingi inatokaka Zambia inapitia Kasumbalesa, na siku mupaka inafungwa tunahangaika na ile ya hapa hapa. Nilianza na mifuko kidogo tu, leo Mungu asifiwe niko najaza kamio muzima. Masomo nilimaliza humanite, option kupe-kutire, kwa hiyo mambo ya komptabilite mi sijaisomaka ata siku moja, hesabu yangu yote iko mu kaye: nani alikamata, nani alilipa, basi.

Sasa shemeki yangu, mudogo ya bwana yangu, eko na sosiete yake, SARL, beko banafanya sutretansi kwa basosiete ya mine. Banapelekaka bipande ya mashini, bakamio yao inapiga njia ya Likasi na Kolwezi, siku ingine banakamata kazi ya kusafisha fasi ya kazi. Anatafuta asosie. Anasema nilete dola 18.000, yenye nilikuwa naweka kwa kujenga, yeye anipatie 15% ya sosiete na kila mwaka tutagawanya faida. Nikamwambia shemeki, nionyeshe kwanza karatasi, akanitumia PDF ku WhatsApp, bilani ya 2024 na ya 2023 iko pembeni. Kwa ile namushukuru, bengine habatumaka. Lakini kila usiku nikiifungua, usingizi njo inanikamata.

Bile niliweza kukopi ni hii, yote mu milioni ya faranga. Mauzo ya 2024 ni 1.100, ya 2023 ilikuwa 940. Faida ya mwisho 66, mwaka wa mbele ilikuwa 61. Upande ya aktifu (bile sosiete iko nayo): bakamio na pikap 180, stoki 70, bakiliya 410 (2023 ilikuwa 205), otre kreansi (deni ya bengine kwa sosiete) 90, banki na kese 10. Upande ya pasifu (fasi ile feza ilitoka): kapitali 50, faida ya miaka ya nyuma 84, na ile 66 ya mwaka, deni ya banki ya muda murefu 120, bafurnisere 290, Leta na CNSS (kese ya pansio ya batumishi) 90, na chini kabisa banaandika banki dekuveri 60. Pande zote mbili inafika 760, ile njo kintu kimoja nilihakikisha na kalkilatrise. Tena kuko kamaneno kadogo: taux ya 31 Desemba, 2.850 faranga kwa dola moja.

Yenye inanishangaza ni hii, sosiete inapata faida ya milioni 66 lakini juma ilipita shemeki alikuya ku depo kunikopa dola 400 ya mazuti, juu kamio ilikwama Likasi na shofere hana kintu. Nikimuuliza anacheka, anasema bakiliya banachelewa tu. Bwana yangu naye anasema hii ni familia, niache kuuliza maswali sawa polisi.

Yaya, nifanye namna gani kujua kusoma hizi karatasi mimi mwenyewe, hapana paka kwa hii, ata kwa siku zenye ziko zinakuya? Na hii feza niingize ao niache?

Mama wa Depo, Katuba

JIBU

Mudogo wangu, ile dola 400 ya mazuti ilikuambia mambo mingi kupita PDF yote, na moyo wako uliisikia, njo maana unaandika. Na ulifanya muzuri sana kuuliza karatasi mbele ya kutosha feza. Hapa kwetu bantu mingi banatoaka feza kwanza, karatasi banakuya kuiuliza siku bintu bilisha kuharibika, na siku ile hakuna mwenye anakupatia.

Faida haiko feza. Tuanzie pale, juu ile njo inachanganyisha ata bantu ba masomo mingi. Ku komptabilite yetu ya OHADA, ile umoja ya inchi za Afrika ya sheria ya biashara, yenye Kongo iliingia mu 2012, mauzo inaandikwa siku kazi iliisha na fakture ikatoka, ata kama kiliya hajalipa. Shemeki akipeleka bipande ku mine tarehe 20 Desemba na akaacha fakture ya milioni 50, ile milioni 50 inaingia mu mauzo ya 2024 na faida yake inahesabiwa mu 2024, ata kama feza itafika mu Juni, ata kama haitafika. Hakuna wizi pale, sheria inaomba vile, na mi naona iko na akili juu inaonyesha kazi yenye ilifanyika kweli. Paka inaacha mwenye kusoma na kazi ya kujiuliza: sasa ile feza iko kwa nani?

Kamata kalamu, tufanye na namba zako zenyewe.

Kwanza feza yenye hakuna mwenye ataiomba kesho: ya wenyewe ni 50 na 84 na 66, inafanya 200, uongeze deni ya banki ya muda murefu 120, unafika 320. Mu ile, 180 ilisha kulala mu bakamio na pikap. Inabakia 140, na ile 140 bakomptable banaitaka fondi de rulema, ni feza ya kutembeza kazi ya kila siku. Sasa angalia kazi yenyewe inakula ngapi: stoki 70, bakiliya 410, otre kreansi 90, jumla 570. Ku ile utoshe feza ya bengine yenye sosiete iko inatumia bure kwa muda, bafurnisere 290 na Leta na CNSS 90, ni 380. Inabakia 190, banaiandikaka BFR, bezuen de fondi de rulema. Kazi inaomba 190, ku mufuko kuko 140, inakosa 50. Njo sasa shuka chini ya bilani: banki na kese 10, dekuveri (feza yenye banki iliacha itoke kupita ile iko ku konte) 60, inafanya kukosa 50. Inaanguka sawasawa. Kila mara itaanguka sawasawa, na kama siku moja haianguke ujue kuko kintu uliweka fasi haiko yake, rudia.

Ile hesabu tu, na kalamu na nyuma ya fakture ya unga, ilisha kukujibu juu ya mazuti. Sosiete haina ata faranga ya kutembea, inatembea na feza ya banki yenye iko beyi sana kupita zote, na na uvumilivu ya bafurnisere.

Tuingie mu bakiliya, juu moto iko pale. Kuko hesabu ya siku, yenye mi naipenda kupita ingine yote juu hakuna mwenye anaweza kuibishia. Feza yenye bakiliya beko nayo iko na TVA ndani, ile kodi ya Leta yenye inaongezwa ku fakture, mauzo haina, kwa hiyo ongeza kwanza 16% ku mauzo: 1.100 inakuwa 1.276. Gawanya 410 na 1.276, uzidishe mara 365, unapata siku 117. Fanya na 2023: 940 na TVA inakuwa 1.090, 205 kugawanya 1.090 mara 365, siku 69. Unaona? Mu mwaka moja tu bakiliya balitoka ku kulipa kisha miezi mbili na kidogo, balifika karibu miezi ine. Mauzo ilipanda 17%, lakini feza yenye iko mu mikono ya bakiliya ilizidi mara mbili. Faida ya mwaka ni 66, bakiliya peke yao balimeza 205 ya kuongeza. Njo fasi faida ilienda, mudogo, na zaidi ya faida.

Shemeki anasema banachelewa tu, anaweza kuwa na haki. Kila mwenye anafanya sutretansi hapa na Kolwezi anajua vile basosiete kubwa banachukuaka muda kwa kulipa, na tangu sheria ya 8 Februari 2017 yenye iliwekea sutretansi basosiete yenye kapitali yao mingi iko ya Bakongomani, basosiete kidogo sawa ya shemeki ilizaliwa mingi sana, kila moja inatafuta kontra, na mwenye kutafuta kontra hasemeke na sauti kubwa juu ya tarehe ya kulipwa. Lakini kuchelewa na kukataa kulipa, ku bilani inaonekana sawasawa, yote iko mu mustari moja ya 410. Kwa kutenganisha unaomba karatasi ingine. Ku nyuma ya bilani ya OHADA kunakuwaka manote anekse, ile ya bakiliya ni Note 7, iko inaonyesha deni yenye italipwa mu mwaka na ile yenye inapita mwaka, na kama kuko bakiliya ba mashaka banaandikwa pale. PDF yenye alikutumia haina manote, ao iko nayo na haukushuka mpaka kule. Mwambie akutumie. Tena muombe liste ya bakiliya na tarehe ya kila fakture, ata bila majina, aandike paka kiliya A, kiliya B. Kama mu ile 410 kuko 300 ya kiliya moja, haununue 15% ya sosiete ya shemeki, unanunua 15% ya kungojea ile kiliya.

Na Note 8, hapana kuisahau. Otre kreansi 90. Ni nani? Inaweza kuwa TVA yenye Leta haijarudisha, ile inafanyikaka sana kwa bantu ba mine. Inaweza kuwa avansi kwa bafurnisere. Na inaweza kuwa jera, mwenye kuendesha sosiete, mwenyewe alitosha feza ya sosiete kwa kujenga nyumba ao kwa ndoa, na komptable akaiandika deni yake kwa sosiete, konte 462, juu haikuwe na fasi ingine ya kuiweka. Mi simushitaki shemeki, simujue. Lakini 90 ni mingi kupita faida ya mwaka muzima, na kintu kikubwa kupita faida hakiachwe na jina sawa "otre".

Kuko kintu ingine yenye watu hawaangaliake, hii kamaneno kadogo ya taux yenye uliona, bravo kwa macho yako. OHADA inaomba hesabu iandikwe mu feza ya inchi, kwetu ni faranga, lakini kazi ya mine inafanyika mu dola. Mu mwanzo ya 2023 dola ilikuwa karibu 2.000, mwisho wa mwaka ile ile ilikuwa ilisha kupita 2.600, na 2024 ilizungukia kati ya 2.700 na 2.850. Kwa hiyo fakture ya dola 10.000 ya mu 2023 na fakture ya dola 10.000 ya mu 2024, mu faranga ya pili iko inaonekana kubwa sana. Rudisha mauzo mu dola, ata kwa kukisia tu: 940 na taux ya katikati ya 2.350 inatoa dola 400.000, na 1.100 na 2.800 inatoa karibu dola 393.000. Ule ukuaji wa 17% unaisha mu mikono yako. Sosiete ilibakia fasi moja, labda ilirudi nyuma kidogo. Weye unauzishaka unga ya Zambia, unajua hii ugonjwa kupita bakomptable mingi, siku kwacha na dola vinacheza haufurahie kuona faranga mingi mu kese.

Wenye kufikiri ile ni shida ya basosiete kidogo ya Kongo, hapana. Uingereza kulikuwa sosiete kubwa ya kujenga, Carillion, ilikuwa na makontra ya hospitali, shule, njia ya mashini ya moshi. Kila mwaka ilikuwa inaonyesha faida na kugawia benye sosiete feza yao. Bafurnisere yake ilikuwa inaweza kubangojesha mpaka siku 120. Mu Julai 2017 ikasema makontra yake haina bei yenye iliandikwa, inafuta pauni milioni 845 pale pale, na mu Januari 2018 ikaanguka, ku banki ilibakia na pauni milioni 29 tu. Bale bateseka zaidi ni basutretanti yao, watu sawa shemeki yako. Kwa hiyo ukiangalia bakiliya ba shemeki, jiulize pia hali yao.

Sasa beyi. Banakuomba dola 18.000, na taux yenye iko ku karatasi ni milioni 51,3. Angalia tena pale juu: inakosa 50. Feza yako ya kujenga itaingia asubuyi, mangaribi banki ilisha kuikamata ku dekuveri, na kesho yake bakiliya beko paka na siku 117. Haitanunua kamio, haitanunua stoki, itaziba tu shimo yenye iko inaendelea kuchimbwa. Na 15% ya nini? Ya wenyewe ni 200, uongeze 51,3 yako inafika 251, 15% yake ni karibu 38. Unalipa 51 kwa kintu ku karatasi iko 38. Siku ingine sosiete inastahili kupita karatasi yake, kama iko na kontra ya miaka mingi yenye ilisainiwa, ile inaweza kulipwa. Basi aonyeshe kontra. Na ile faida ya kugawanya: 15% ya 66 ni milioni 9,9, karibu dola 3.470 kwa mwaka, unangoja miaka tano kurudisha feza yako kama kila mwaka banagawa yote. Lakini banagawa na nini, kama ku banki iko kukosa 50? Banaenda kukopa banki kwa kukulipa weye, ao banakuambia ngoja, mwaka wenye unakuya.

Kwa ile mi nasema usiingie sawa vile iko. Sisemi shemeki ni mubaya, namba zinasema sosiete inafanya kazi kweli na inapata marje, 6% haiko mubaya kwa kazi ile. Lakini ugonjwa yake haiponye na asosie, inapona na bakiliya kulipa. Mwenye kuweka feza mbele ya kujua kwa nini siku 69 zilikuwa 117 iko anacheza.

Hakikisha tena kintu moja kabla ya kuamini ata hizi namba. Uliza bilani yenye iko na kashe ya DGI, biro ya kodi ya Leta, ile yenye baliweka na deklarasio ya kodi mu Aprili, na uangalie kama kuko jina na kashe ya ekspe-komptable mwenye eko ku ONEC, umoja ya baekspe-komptable ya inchi. Hapa mujini bantu banachekaka basema kila sosiete iko na bilani tatu, moja ya Leta yenye inalia, moja ya banki yenye inacheka, moja ya mwenyewe yenye iko mu mufuko. Kama ile ya DGI iko na faida 12 na yako iko na 66, hauna lazima ya kusoma zaidi, hesabu iliisha.

Juu ya kujifunza. Mi siamini mutu mukubwa mwenye kazi yake atakaa kusoma kitabu ya komptabilite kutoka ukurasa wa kwanza, debiti na krediti, atalala usingizi sawa weye na PDF. Anza na depo yako. Kila mwisho wa mwezi, kaa na kaye, andika ku upande moja mifuko yenye iko mu depo kwa beyi uliyonunulia, hapana beyi ya kuuzisha, na bakiliya benye beko na deni yako, na feza yenye iko mu kese na ku simu. Ku upande ingine andika deni yako kwa mwenye kukuletea unga, kodi ya depo yenye haujalipa, likelemba kama ulisha kukamata na haujamaliza kutumika. Kinabakia kati yao njo ya kwako. Ile njo bilani, hakuna ingine. Fanya miezi mitatu hivi na ulinganishe, utaona mwezi wenye uliuzisha sana na ukabakia bila feza, na utajua ni nani aliikamata bila mutu kukuonyesha. OHADA yenyewe iko na sisteme ya biashara kidogo yenye inahesabu feza yenye inaingia na yenye inatoka, banaiitaka SMT, haiko ngumu kupita kaye yako.

Kisha ile, tafuta mwanafunzi ya ISC, ile shule ya juu ya komersi, ao ya fakilte ya ekonomi ku UNILU, ba miaka ya mwisho beko mingi na banatafuta kazi ya wikendi. Lakini usimuombe akufundishe kozi. Muwekee PDF ya shemeki ku meza, umwambie: mustari huu ni nini, feza yake iko kwa nani, kesho inaweza kuwa zero? Kila mustari. Akijibu na maneno ya profesere umwambie arudie na maneno ya soko, kama hawezi hajue. Mutaanzia chini, ku trezoreri, mupande juu. Konte ya rezulta muisome nyuma, ndani muangalie zaidi sharje finansiere, ile ya interese ya banki, kama inapanda kupita mauzo ni ile dekuveri iko inakula. Na muombe tablo de fulu de trezoreri, njo karatasi ya tatu ya OHADA, shemeki hakuituma. Ile inaanza na feza ya mwanzo wa mwaka, inaweka feza yenye kazi ilizaa, na inashuka mpaka ku feza ya kweli ya mwisho wa mwaka, na mustari wa kreansi iko pale, ile 205 ya bakiliya iko ndani yake.

Bengine banapendaka kuanza na rapore ya basosiete kubwa, sawa Ivanhoe Mines ya Kamoa-Kakula ao Glencore, juu iko bure ku intaneti. Angalia kama unataka kuona namna karatasi safi inafanana, lakini kujifunzia mule utazama, mabilioni hayafundishe mutu wa milioni.

Inabakia bwana yako, na ile ya polisi. Mi naona ufanye maswali yako yote kwa kuandika, polepole na heshima: shemeki, nilisoma karatasi yako, nimefurahi, banki nayo ingeuliza hii na hii, nisaidie Note 7, Note 8, tablo ya trezoreri na kopi ya DGI. Tuma mbele ya bwana yako, mu grupu ya ninyi watatu, ili mutu asiseme ulizunguka. Shemeki mwenye karatasi yake iko sawa atatuma mu siku kidogo, juu komptable iko nayo tayari, haiko kazi ya kuandika upya. Na ujue pia kama utaingia siku moja, ile 15% haikupatie nguvu ya kuamuru, jera njo anaendesha. OHADA inakupatia haki ya kuona karatasi mbele ya mukutano wa mwaka, na mara mbili kwa mwaka ya kumuuliza jera kwa kuandika kama kuko kintu yenye inaweza kuangusha sosiete. Ni maneno. Feza yako itakuwa ndani wakati ule.

Kama unataka kusaidia na usipoteze familia, kuko njia yenye mi ningekamata. Usinunue sosiete, kopesha komande moja. Shemeki akiwa na bon de komande ya kiliya mwenye anajulikana kulipa, weka dola 3.000 ao 4.000, hapana zaidi, kwa kununua bipande bya ile komande tu. Muandike karatasi ya deni mu dola, tarehe ya kurudisha, faida yako ngapi, bwana yako asaini sawa shahidi. Ukilipwa, na ukaona ilichukua siku ngapi kweli, utakuwa na namba yako mwenyewe ya kuweka pembeni ya ile 117. Lakini bon de komande uione na macho, na upige simu ku serivisi ya ashati kwa namba yenye utatafuta weye mwenyewe, hapana ile yenye shemeki atakuandikia.